Mama Kulwa, kabla ya skii kapime damu ya Dotto

Maswali ya safari yameletwa mengi mwezi huu. Hii ya kwanza nimeiacha ndefu kama ilivyo maana mwenyewe kaiandika vizuri, zingine nimezipunguza.

Mwangaluka dada. Mimi Mama Kulwa, nipo Nyakato hapa Mwanza, nina duka la vifaa vya uvuvi na mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi. Tuna watoto watatu, mapacha Kulwa na Dotto wana miaka 9, wa mwisho Shija ana 5. Tangu waone kwenye TV watu wanateleza kwenye theluji nyumba haina amani, wanakalia mifuniko ya ndoo za rangi wanateleza kwenye mawe nyuma ya nyumba, kaptula zote zimetoboka makalioni. Tumeweka hela kwa kikoba miaka miwili, sasa baba yao kasema mwaka huu twende na sisi tukaone. Shemeji yangu yuko Ujerumani anasema njooni Desemba niwapeleke milima ya Alps. Rafiki yangu anasema acha hizo, nendeni Lesotho, kuna skii hapa hapa Afrika. Mi hata sikujua Lesotho kuna theluji. Nisaidie ipi nafuu, twende lini, tukodi nini na tununue nini. Na baridi vipi, maana Dotto baridi haimpendi, kila Juni na Julai anaumwa miguu na mikono usiku analia, tunamchua na mafuta tunampa panadol inaisha. Nadhani masweta mawili yatamtosha. Asante dada.

Mwangaluka mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka mifuniko ya ndoo, ya pili nikakwama kwa Dotto. La bei nitakujibu, la Lesotho nitakujibu, ila hilo ulilolitupia mwishoni kama mtu anayeaga mlangoni, mimi naanza nalo.

Mtoto wa kanda ya ziwa anayeumwa mikono na miguu kila baridi ikija, anachuliwa inaisha, mwaka mwingine inarudi, huyo anapimwa sikoseli kabla hujalipia hata tiketi moja. Sisemi anayo. Mimi si daktari, na yanaweza kuwa maumivu ya kukua tu kama watoto wengine. Lakini Tanzania ni moja ya nchi ambazo watoto wengi kabisa duniani wanazaliwa na ugonjwa huu, na huku kwetu ziwani ndo umejaa. Nenda Bugando, wana kliniki yake. Na usimpime Dotto peke yake, pima wote watatu, maana mapacha wasiofanana mmoja anaweza kuwa nayo mwenzake akawa hana kabisa, kwahiyo kumwona Kulwa anaruka ruka mzima isikupe jibu la Dotto.

Kwanini nang'ang'ania hili kwenye safari ya kucheza? Kwa sababu chembe ya damu ya mtu mwenye sikoseli inajikunja kama mundu pale hewa ya oksijeni inapopungua, halafu zikishajikunja zinakwama kwenye mishipa midogo na hapo ndo maumivu yanapoanza. Baridi inabana mishipa. Kiu inafanya damu iwe nzito. Sasa niambie mlima wa skii una nini? Oksijeni kidogo, baridi, na kiu ambayo huisikii kwa sababu hutoki jasho la kuonekana. Vyote vitatu sehemu moja, na mtoto anakimbia humo humo siku nzima. Masweta mawili hayawezi kumpa hewa.

Watu wa Mwanza tunajiona tuko bondeni kwa sababu tunaangalia maji, kumbe ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Risoti ya Afriski huko Lesotho iko kama mita 3,050. Pale kila pumzi unayovuta ina kama asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo mtu wa Tanga anaipata akiwa amekaa barazani kwake.

Majibu yakija kwamba Dotto ana sikoseli yenyewe, basi mlima wa mita 3,000 siyo wake, na usimwonee aibu shemeji wala usiseme hela za kikoba zimepotea. Muulize daktari kuhusu Ski Dubai, ile iliyoko ndani ya Mall of the Emirates. Ni jumba, ndani wameweka theluji ya kweli na lifti ya kukupandisha juu, mteremko mrefu kuliko yote una mita 400, ipo tangu 2005, na kikubwa kwako ni kwamba Dubai ni pwani, hewa ipo yote. Baridi bado ipo, ndani ni chini kidogo ya sifuri, kwahiyo daktari aseme kwanza, afu mnaingia muda mfupi, mnatoka kunywa kitu cha moto, mnarudi. Akionekana ni mbebaji tu, yaani karithi upande mmoja wa wazazi, wengi wa hivyo wanaishi maisha yao yote bila tatizo, ila wapo ambao bandama imewaumiza wakiwa milimani, hivyo mwambie daktari mnakwenda mita ngapi, anywe maji mengi, asishindane siku ya kwanza, na akisema anachomwa chini ya mbavu za kushoto msisubiri kesho. Mnashuka mlima saa hiyo hiyo mnatafuta hospitali.

Haya, tuseme wote wametoka salama.

Mimi ningekwenda Lesotho. Shemeji ni mtu mwema ila hebu piga hesabu. Visa ya Schengen, ile ya kuingilia Ulaya, mtu mzima ni euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, chini ya 6 bure. Wewe na baba yao 180, mapacha 90, Shija bure, hiyo ni euro 270, na wakikunyima hairudi. Hapo hujahesabu safari ya Dar kwenda kuweka alama za vidole, na bima ya kila mmoja inayofika euro 30,000. Halafu Desemba ya krismasi ndo wakati Wazungu wenyewe wamejaa huko na vyumba viko juu. Na urefu usidhani unaukimbia, kijiji cha Val Thorens kule Ufaransa, kilicho juu kuliko vyote vya skii Ulaya, kiko mita 2,300 na lifti zinakupandisha juu zaidi ya 3,000.

Lesotho msimu ni Juni mpaka Agosti. Likizo ya shule zetu inaanza Juni. Yaani ni kama walipanga na wizara yetu. Kwa pasipoti ya Tanzania mnaingia Afrika Kusini kutembea bila visa, mpaka siku 90 kwa mwaka, na Lesotho ni wenzetu wa SADC. Hela ya Lesotho inaitwa loti, iko sawa kwa sawa na randi, na randi wanapokea kila mahali. Ila maloti yamalizeni kabla ya kutoka maana ukivuka mpaka hakuna anayeyataka.

Msitegemee Alps lakini. Mteremko mkubwa wa Afriski una urefu wa kama kilomita 1 tu, kuna na wa wanaojifunza pembeni, na theluji sehemu kubwa ni ya kutengeneza, usiku baridi ikikaza mashine zinapuliza maji hewani yanaanguka yameshaganda. Pembeni ya huo mteremko mweupe mlima umekaa na nyasi zake za kahawia kama Shinyanga ya Agosti. Mtu anayejua skii atachoka siku ya pili. Watoto wako hawajui, kwahiyo kilomita 1 kwao ni barabara ya Mwanza kwenda Musoma.

Sasa njia, na hapa ndo hewa inarudi tena. Mnaruka Mwanza, Dar, Johannesburg. Johannesburg iko juu kidogo ya mita 1,700, laleni hapo usiku mmoja. Kutoka hapo ni gari kama masaa 5, mnapitia Clarens, mnavuka mpaka Caledonspoort, mnafika Butha-Buthe, halafu barabara inaanza kupanda Moteng kwa kona ambazo baba yao atazifurahia na wewe utafumba macho. Msiunganishe yote siku moja. Mwanza 1,134, Johannesburg 1,700, laleni tena Clarens au Butha-Buthe, ndipo mpande 3,050, hizo ni ngazi, na mwili unapanda ngazi vizuri kuliko lifti. Mkifika juu siku ya kwanza hakuna skii, mnatembea polepole, mnakunywa maji. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kuuma na kutapika, au mtoto kayumba kama mlevi, huo ni ugonjwa wa mlima na dawa yake ya uhakika ni kushuka, siyo panadol tena Mama Kulwa. Mtoto wa miaka 5 hawezi kukwambia kichwa kinagonga, Shija akikataa kula na kucheza chukulia ndo amesema hivyo.

Gari la kukodi Johannesburg lazima liwe na barua ya kuruhusiwa kuvuka mpaka, omba siku unayoweka oda. Mimi walinipa gari bila barua, dada wa kaunta akaniambia "itakuwa sawa tu", nikafika mpakani afisa akanyoosha mkono kuonyesha nilikotoka. Watoto wamevaa glovu tayari. Tulilala upande wa Afrika Kusini chumba kimoja watu watano tukila chipsi za baridi. Beba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto hata kama hawajaviulizia, na kama mzazi mmoja anabaki basi barua yake ya ridhaa.

Kukodi au kununua: vigumu kodi, vilaini nunua. Skii, mabuti, fimbo na helmeti vyote mnakodi pale pale. Nguo za baridi tutazungumza na kijana wa hapo chini. Kwenye kukodi kuna swali watakuuliza na naomba usione aibu. Fundi atataka kilo zako. Kwenye skii kuna kibanio kinachoshika buti, na kibanio kina skurubu anayoizungusha kulingana na kilo, urefu, umri na kama ushawahi kucheza, ili ukianguka vibaya buti lichomoke lenyewe kabla goti halijapinda. Ukipunguza kilo 15 kwa sababu mume yupo hapo anasikiliza, kibanio kitalegea na skii itakuchomoka katikati ya mteremko bila sababu. Ukiongeza, hakitafunguka, na goti ndo litalipa. Nong'ona ikibidi, ila sema ukweli.

Buti zuri ni gumu kama ndoo. Ukisimama wima kidole gumba kinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti kinarudi nyuma, hapo ndo saizi yako. Soksi moja tu ndefu nyembamba. Mbili zinabana damu na mguu unakuwa wa baridi zaidi, najua mama wa kiafrika haamini hili mpaka ajaribu. Mwalimu chukua, wa masaa mawili asubuhi, usifundishwe na mume. Kitu cha kwanza watakachofundishwa ni kuleta ncha za mbele karibu na kutanua nyuma, kama herufi A, hiyo ndo breki. Shija atajifunza kabla yenu wote, ana nusu mita tu ya kuanguka.

Chakula usihangaike kubeba unga. Wanakula ugali wanaita papa. Ila ukipanga nyumba ya kupika mwenyewe usithubutu maharage, kwenye mita 3,000 maji yanachemka kwenye nyuzi kama 90 na maharage yatakaa jikoni mpaka mrudi Nyakato. Mafuta ya jua pakeni, miwani ya theluji msivue, theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya ile mionzi inayounguza, na rangi yetu haikingi macho. Bima iandikwe wazi kwamba inalipia skii, nyingi za kawaida zinairuka.

Kidogo tu cha pembeni, maana najua baba Kulwa atapenda: mkiendelea na barabara hiyo hiyo mbele ya Afriski mnakuta Letšeng, mgodi wa almasi ulio juu kuliko mita 3,000. Mwadui ya mawinguni. Na mkisikia watu wanaita maji "metsi", Msukuma anayesema "minzi" hawezi kujiona mgeni sana.

Shikamoo mama. Mi nauza mitumba Mlango Mmoja, nafungua belo za majaketi mazito. Mengine yana kikadi kinaning'inia kwenye zipu, kimeandikwa lugha siijui na namba na picha ya mlima, wateja wangu bodaboda wanakikata wanatupa. Ni nini hicho? Na nitajuaje jaketi la skii na la kawaida, nisije nikawa nauza buku kumi kitu cha maana.

Marahaba mwanangu. Hiyo ni tiketi ya lifti. Mtu akienda mlimani analipa, anapewa kadi, anaining'iniza mbele ili wa mlangoni aione, akirudi nyumbani anaisahau, miaka inapita, jaketi linafungwa kwenye belo linakuja kwako. La kwangu mwenyewe nililolinunua hapo hapo kwenu lilikuwa na ya Sölden, kule Austria, na sikuikata, watoto wangu wanaamini nimefika.

Kulijua ni rahisi. Angalia mkono wa kushoto karibu na kiwiko au kiganja, likiwa na kamfuko kadogo ka zipu ambako huelewi ka nini, hako ni ka kadi, zile mpya mashine inaisoma bila kuitoa. Fungua ndani kiunoni, likiwa na kama sketi fupi yenye lastiki na vifungo, hiyo inazuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Halafu soma lebo, ukikuta 10,000 au 15,000 au 20,000 hiyo si bei, ni kipimo cha kuzuia maji, kubwa ni bora. Geuza uangalie mishono, la ukweli kila mshono umebandikwa utepe kwa ndani. Na hapo ndo pa kukagua, maana mitumba ya zamani utepe unabanduka na ile ngozi ya ndani inachunika kama nyoka anayejivua, hilo mwachie bodaboda, upepo litazuia, theluji halizuii. Kabla hujapanga bei mwagia kijiko cha maji begani. Yakijikusanya kama shanga na kubingirika, usiuze buku kumi.

Weka pembeni ovaroli za watoto na glovu zisizopitisha maji, hizo hakuna anayezigusa hapo kwenu. Kuna mama mmoja wa Nyakato anaweza akazihitaji, anao watatu.

Dada, kwanini tupeleke hela Lesotho na Kilimanjaro ni yetu na ina theluji? Mzalendo, Bukoba.

Mzalendo, kule juu hakuna lifti, hakuna mteremko wa kuteleza, na barafu yenyewe kati ya 1912 na 2007 ilipungua kama asilimia 85. Kilele ni mita 5,895, na hifadhi hairuhusu mtoto chini ya miaka 10 kufika huko. Kulwa na Dotto bado mwaka. Shija miaka mitano. Wakikua wapande kwa miguu, hiyo ni safari nyingine na nitaiandikia siku moja.

Mimi nina miaka 61, Musoma, wajukuu wanataka tuende wote kwenye baridi hiyo. Nitafanya nini huko mimi?

Shikamoo mama. Pima presha, mwambie daktari mita 3,050, akikubali nenda. Wabibi wa Lesotho wanajifunga mablanketi mazito ya sufu yenye michoro, nunua moja, kaa juani nje ya mgahawa na chai yako, uwaangalie wanavyoanguka.

*

Tukiwa tunafunga ukurasa huu Mama Kulwa kanitumia meseji ya sauti. Kawapeleka wote watatu Jumatatu, Dotto kalia sindano, Shija kataka ya pili. Majibu ni Ijumaa. Tiketi bado hajakata.